Msitu wa Shangazi Tatu

Harufu ya udongo uliolowa ina mahali pake, na mahali pake si sebuleni. Nje, mvua ya kwanza inapoipiga ardhi nyekundu ya Thika, harufu hiyo humfanya mtu avute pumzi na kumshukuru Mungu. Lakini ndani ya nyumba, asubuhi ya Julai, madirisha yakiwa yamefungwa, ikishachanganyika na moshi wa mafuta ya taa, kitunguu cha jana na blanketi ambalo halijaanikwa, harufu ile ile hung'ang'ania kooni kama dawa ya minyoo. Mimi niliamka nayo msimu mzima wa baridi, mwaka mmoja wa miaka ya hamsini, pale Shangazi Tatu alipohamia kwetu na maua yake ya ndani. Watu wengine hukumbuka utoto wao wakatabasamu. Mimi nikiukumbuka msimu ule huanza kwa kusonya, kisha ndipo mengine hufuata.

Nyumba yetu ilikuwa Majengo, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, paa la mabati, vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha ndani kilikuwa cha Baba na Mama, nacho hakikuwa na dirisha. Sebule ilikuwa na madirisha mawili madogo ya mbao, moja likitazama mawio na jingine likitazama msikiti, na hapo ndipo tulipokula, tulipopokea wageni, na ndipo mimi nilipotandika mkeka wangu usiku. Baba, aliyeitwa Ramadhani, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa mjini, mtu mpole aliyezoea kupimia watu suruali huku akikubali kila wasemalo. Mama hakuwa mpole, na mwaka ule alikuwa mjamzito, tumbo likiwa limeshaanza kutangulia mbele yake mlangoni. Mimi, Saada, nilikuwa na umri wa kutumwa. Umri wa kusikilizwa ulikuwa bado haujafika.

Shangazi Tatu alikuwa dada mkubwa wa Baba. Alikuwa hana mume wala mtoto, na miaka mingi aliishi Ruiru, akiwa yaya katika nyumba ya Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Alitutembelea sikukuu, akatuletea biskuti zilizovunjika ndani ya kopo zuri, kisha akarudi. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, wapiganaji wa uhuru wakijificha msituni, na Wazungu wengi walikuwa wakilala na bunduki chini ya mto wa kulalia. Yule memsahibu wa Ruiru akachoka kuogopa. Akawachukua watoto wake, akafunga nyumba, akaenda Ulaya. Siku ya kuondoka alisimama kwenye varanda, akaonyesha vyungu vyake kwa mkono uliovaa glavu, akasema: "Tatu, wewe angalia maua yangu mpaka mimi narudi." Basi. Maneno hayo machache, yaliyosemwa na mtu ambaye mguu mmoja tayari ulikuwa ndani ya gari, shangazi yangu aliyabeba kama amana iliyoandikiwa mashahidi. Na kwa kuwa nyumba ilifungwa na wafanyakazi wakatawanywa, akaona hakuna budi ila amana ihamie kwa mdogo wake, Thika.

Alifika na lori la kahawa lililoendeshwa na Njoroge, dereva wa shamba, ambaye kibali chake cha kusafiri kilimruhusu kuleta magunia kwenye kinu cha mjini. Tulikimbia nje tukitarajia masanduku. Njoroge akafungua nyuma, akaanza kuteremsha vyungu. Akateremsha kangaga, majani yake marefu yakining'inia kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Akateremsha mti wa mpira uliokuwa mrefu kunishinda. Akateremsha mabegonia yenye majani mekundu chini, na vyungu vidogo vya ua la zambarau lenye majani ya vinyweleo laini, na mengine mengi ambayo sikuwahi kujua yanaitwaje na sijawahi kutaka kujua. Uwanja ukajaa. Majirani wakaacha kufua.

"Na mizigo yako, wifi?" Mama akauliza.

"Sanduku ni hilo moja," Shangazi akajibu. "Hii ndiyo mizigo yenyewe."

"Tutaipanda wapi?"

"Haipandwi. Inakaa ndani."

Mama akamtazama Baba. Baba akatazama mawingu, kana kwamba mvua ndiyo iliyokuwa imemletea tatizo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema ufanye nini mgeni akija na bustani yake. Siku ya tatu jembe lilikuwa mkononi mwangu mimi. Shangazi alinifundisha kazi kwa sauti ile ile aliyokuwa akifundishia watoto wa Kizungu kushika uma, sauti ya chini isiyo na haraka, ambayo haikukupa hata nafasi ya kubisha. Maji ya bomba hayamwagwi moja kwa moja. Sharti yalale ndani ya debe yapoe na kutua. Kabla ya kumwagilia, tia kidole udongoni mpaka kwenye fundo. Kikitoka kikavu mwagia, kikitoka na tope ondoka. Ua la zambarau halimwagiwi juu, majani yake yakiguswa na maji yanapata madoa; linawekwa kwenye kisahani, linywe kwa chini kama paka. Asubuhi vyungu vinapelekwa dirisha la mawio, jua likipanda vinarudishwa katikati, alasiri vinahamia dirisha la msikiti. Nilikuwa nikienda chuoni kusoma Kurani na kurudi, nikapanga foleni ya maji bombani na wanawake watu wazima, kisha nikaja kuhamisha mimea kama mtu anayechunga mbuzi wasiokuwa na miguu. Wenzangu walikuwa wakicheza kibe, mchezo wa kujificha na kutafutana, uwanjani, nami niliwasikia wakihesabu huku nimekumbatia chungu cha begonia.

Na maziwa! Hili la maziwa ndilo lililonimaliza. Memsahibu, alisema Shangazi, alipenda majani ya mpira yang'ae, na hayang'ai kwa maji matupu. Yanapanguswa kwa kitambaa laini kilichochovywa kwenye maziwa. Sisi nyumbani tulikunywa chai ya rangi siku nyingi za juma. Maziwa yalinunuliwa kidogo kwa ajili ya Mama na tumbo lake. Lakini Shangazi alikuwa na akiba yake ya mshahara, akanunua maziwa yake mwenyewe, na jioni nilikaa mkekani nikipangusa jani moja baada ya jingine kwa kitu ambacho ulimi wangu ulikuwa ukikililia. Nilijaribu kulamba kitambaa mara moja. Kilikuwa na ladha ya vumbi. Mama alipita, akaona, akasimama.

"Hata ng'ombe akijua maziwa yake yanakwenda wapi," akasema, "atagoma."

Shangazi hakuinua macho. "Jani likizibwa na vumbi halipumui, wifi yangu."

"Na mimi je? Mimi napumua?"

Hakupumua vizuri, hilo lilikuwa kweli. Sebule ilikuwa imegeuka bonde la mto Chania. Kangaga ilining'inizwa kwenye boriti juu ya mahali pa kulia, na mara kwa mara kijani kidogo kikadondoka ndani ya mchuzi. Wageni waliingia wakainama. Mti wa mpira ulishika pembe ambayo Mama alikuwa ameiwekea nia tangu zamani. Mkunga wetu, Bi Mwanahawa, alikuwa amemwambia kwamba mtoto azaliwe sebuleni, penye dirisha na hewa, si katika chumba kile cha ndani kilichokuwa kama pango. Mama alitaka kitanda kihamishiwe pembe ile mapema, atulie. Shangazi akasema pembe ile ndiyo peke yake isiyo na upepo. Baba aliulizwa. Baba akasema, "Tutaona." Baba alikuwa na maneno mawili maishani, "sawa" na "tutaona," na siku zile tulichoka kuyasikia yote mawili.

Kisha likatokea jambo lililoharibu mambo zaidi, kwa sababu lilimpa Shangazi ushindi. Asubuhi moja askari waliizingira Majengo. Walikuwa wakifanya hivyo mara kwa mara, wakitafuta watu waliojificha na risasi zilizofukiwa, na sote tulijua kukaa kimya na kuacha milango wazi. Aliingia kwetu askari kijana mwenye ufito wa chuma wa kuchomea ardhini. Akasimama pale mlangoni, akashangaa.

"Nini hii? Mmeleta msitu ndani ya nyumba?"

Neno msitu lilikuwa na uzito wake siku hizo. Watu walipigwa kwa kulitamka vibaya. Askari akainua ufito, akaulenga udongo wa kangaga. Shangazi Tatu akainuka mkekani, mwanamke mfupi, mtandio wake umekaa sawasawa, akasimama kati ya ufito na chungu.

"Hayo ni maua ya memsahibu wa shamba la Ruiru," akasema. "Ukikata mzizi, jina lako utamwambia mwenyewe akirudi. Unataka kutazama? Tia kidole. Polepole. Mpaka kwenye fundo."

Na yule askari, wallahi, akaweka ufito chini akatia kidole. Akatia chungu baada ya chungu, kwa adabu, Shangazi akimwambia hiki kina maji, kile kiache. Nyumba za jirani magodoro yalichanwa na unga ukamwagwa. Kwetu askari alitoka akipangusa kidole kwenye kaptula. Baba alicheka kwa woga uliomtoka. Mama hakucheka. Alijua kwamba kuanzia saa ile hakuna mtu ambaye angeweza kumwambia Shangazi aitoe mimea nje, na hakukosea. Jioni ile ile mti wa mpira ulisogezwa ukapata nafasi zaidi.

Baridi ikazidi. Wanaojua Thika kwa jua lake tu hawajui Julai, manyunyu yale yasiyonyesha wala kuacha, na mawingu yaliyokaa juu ya mkonge kama kifuniko cha sufuria. Begonia zikaanza kudondosha majani. Shangazi akawa hatulii. Alikuwa akiamka alfajiri, akiswali, kisha akizipapasa kama mtu anayepima homa. Ndipo siku moja Mama akafungua sanduku lake achague leso ya kujifungulia, jozi mpya aliyoletewa na mama yake, isiyokuwa imekatwa bado, na asiione. Akatafuta. Akaja sebuleni. Mti wa mpira ulikuwa umefungwa leso ile kuanzia shina mpaka kilele, umesimama pembeni kama bi harusi.

Sijawahi kumsikia mama yangu akipiga kelele kama alivyopiga siku ile, na aliishi miaka mingi baadaye akiwa na sababu nyingi. Alimwambia Shangazi kwamba yeye si mgeni tena, ni magugu. Alimwambia kwamba mwanamke asiyezaa hawezi kujua leso ya uzazi ni nini. Neno hilo lilipotoka, Baba, aliyekuwa akivaa viatu, akabaki na kimoja mkononi. Shangazi Tatu akauendea mti, akaifungua leso taratibu, akaikunja mkunjo kwa mkunjo, akaiweka mapajani mwa Mama.

"Nililala na watoto wa watu wakiwa na surua," akasema. "Wanaita mama yao, nakuja mimi. Lakini umesema kweli, wifi. Sikuzaa."

Kisha akaniambia nilete debe la maji. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Mama nilimkasirikia kwa lile neno, Shangazi kwa leso, na Baba kwa kile kiatu alichokishika kama mtu anayengoja kupimwa mguu. Zaidi ya wote niliikasirikia mimea yenyewe, ilivyokaa pale ikinywa maji, ikisababisha yote na haijali lolote. Mama akakata shauri mbele ya sote: mimea itoke kabla mtoto hajafika, au yeye akajifungulie kwa mama yake Murang'a, na asirudi. Baba akafungua mdomo. "Usiseme tutaona," Mama akamwambia, naye akaufunga.

Tulikuwa bado hatujui itakuwaje Njoroge alipopita kwetu na lori lake, hakuzima hata injini.

"Atiriri, Tatu!" akaita kutoka dirishani. "Memsahibu wako amerudi. Nimemwona na macho yangu, anatembea kwa varanda na mbwa."

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Shangazi Tatu alikuwa mtu wa kutabasamu kwa kipimo, lakini siku hiyo alicheka mpaka jino la nyuma likaonekana. Akamgeukia Mama, bila kisirani chochote. "Umeona, wifi? Nafasi yako hiyo. Nitarudi kazini, na maua yatarudi kwao." Mama naye, kwa furaha, akampikia mandazi ya safari. Kwa siku chache hizo walikuwa kama ndugu, na mimi nilihisi mabega yangu yakiwa mepesi, maana nilijua kibe kinanisubiri uwanjani.

Hatukuweza kubeba vyote safari ya kwanza. Shangazi akachagua kangaga, kwa kuwa memsahibu aliwahi kusema ilikuwa ya mama yake mzazi, na chungu kimoja cha ua la zambarau kilichokuwa kimechanua vizuri. Alivaa buibui lake safi, nami nikavaa gauni la Idi. Tukapanda treni ya asubuhi. Mimi nilipakata ua la zambarau, yeye akapakata kangaga, abiria wakitupigia kelele kwa sababu majani yalikuwa yakiwaingia puani. Mama mmoja mwenye kuku alituuliza kama tunakwenda kuzika. Shangazi alikuwa akinieleza, kwa mara ya kwanza akiongea nami kama mtu, kwamba kangaga ile ilikuwa karibu kufa alipoichukua, kahawia nusu nzima, na kwamba memsahibu ataishangaa. Alirudia neno hilo: ataishangaa.

Kutoka stesheni ya Ruiru tulitembea katikati ya mikahawa, njia nyekundu inayoteleza, mikono ikituuma. Nyumba ilikuwa kubwa kuliko nilivyowazia na imepakwa rangi upya. Tukazunguka hadi mlango wa jikoni. Msichana nisiyemjua, aliyevaa aproni, akatufungulia, akaenda kuita. Tukasimama. Kupitia mlango wa ndani niliona varanda, na kwenye varanda, juu ya stendi mpya za chuma zilizopakwa rangi nyeupe, kulikuwa na kangaga tatu, nene, kijani kibichi, na mimea mingine ambayo hata Shangazi hakuwa ameiona.

Memsahibu akaja na mbwa wake. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Alifurahi kumwona Shangazi, akamshika mkono.

"Oh, Tatu! Hujambo? Wewe iko mzima? Na hii nini?"

"Maua yako, memsahibu. Uliniambia niangalie. Mengine yako Thika, yote mazima."

Memsahibu akaitazama kangaga. Akamtazama Shangazi. Akacheka, kicheko cha mtu aliyefanyiwa jambo la kupendeza na la kijinga. "Wewe naweka yote hii? Mimi nasahau kabisa! Tupa tu, Tatu. Hii iko mzee sana. Mimi nanunua ingine Nairobi, angalia."

Shangazi akaangalia kama alivyoambiwa. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya chini, habari ya kazi. Watoto, memsahibu akasema, wamebaki shule Ulaya. Hakuna kazi ya yaya tena. Akasikitika kweli kweli. Akamwagiza yule msichana atuletee chai, akapotea ndani kidogo, akarudi na mfuko wa nguo kuukuu, na akapapasa kichwa changu kama alivyopapasa cha mbwa. Nilitaka kulia kwa hasira. Nilitaka nikitupe chungu cha zambarau sakafuni. Nilikumbuka madebe yote, foleni zote, kidole changu kilichochubuka, maziwa, leso, lile neno la Mama. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hili halikuwa hata teke. Mtu akikupiga teke walau amekuona.

Chai ilikuja kwenye vikombe vya bati. Shangazi hakuigusa, nami kwa hiyo sikuigusa ingawa ilikuwa na maziwa. Akainama, akaichukua kangaga kutoka sakafuni. "Kwaheri, memsahibu," akasema. Mfuko wa nguo ukabaki juu ya meza.

Njiani nilimwambia tuitupe. Tulikuwa katikati ya mikahawa, hakuna mtu, mtaro ulikuwa pale pale. "Amesema tuitupe, Shangazi. Tuitupe!" Alisimama akanigeukia, na kwa mara ya kwanza alinifokea. "Nani amekuambia ni yake?" akasema. Kisha akatembea mbele, haraka, mtandio umemteleza shingoni, na sikuuona uso wake mpaka tukafika stesheni.

Tulifika Thika jua likielekea kushuka, na tulipoingia Majengo niliona wanawake mlangoni kwetu. Uchungu ulikuwa umemshika Mama mapema. Alikuwa amelala kwenye mkeka wangu katikati ya vyungu, jasho linamtoka, Bi Mwanahawa akihangaika kupita kati ya begonia na ukuta akizilaani moja moja kwa majina ya wadudu. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Hakuna aliyethubutu kuyafungua, upepo usije ukagusa maua ya Shangazi. Shangazi Tatu alisimama kizingitini muda mfupi kama wa kuvua viatu. Akaweka kangaga chini, nje, kwenye manyunyu. Akaingia, akafungua dirisha la mawio, akafungua la msikiti. "Saada, toa," akasema. Tukatoa. Baba naye akaja akashika, na huo mti wa mpira aliubeba peke yake, akaubwaga uwanjani hadi chungu kikapasuka. Shangazi hakugeuka kuangalia. Alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya Mama, amempa kifua chake cha kuegemea, mikono yake chini ya kwapa za Mama, akimwambia, "Sukuma, wifi yangu, mimi sikuachi. Sukuma." Mama alimshika vidole mpaka nilidhani vitavunjika. Mdogo wangu Zuhura alizaliwa magharibi, wakati muadhini akiadhini, akafungwa katika leso ile iliyonusurika mti.

Mama na Shangazi hawakuombana msamaha. Watu wazima wa kwetu hawakuwa na mazoea hayo. Lakini asubuhi iliyofuata, Mama akiwa kitandani katika pembe yake, mtoto kifuani, alichungulia dirishani akaona vyungu vimejipanga kwenye baridi, majani yameinama. Akasonya.

"Wifi," akaita. "Ile yenye manyoya. Irudishe ndani, itakufa."

"Iache," Shangazi akasema kutoka jikoni. "Imezeeka."

"Nimesema irudishe! Sitaki baadaye isemwe niliua mimi."

Basi ikarudi. Na nani aliyeirudisha? Mimi. Na nani aliyeendelea kuimwagilia? Mimea mingine ilikufa baridi ile ile, mpira haukupona, begonia tuliwagawia majirani, lakini kangaga na ua la zambarau vilibaki, na zambarau Shangazi alilizidisha kwa kuchomeka majani kwenye makopo ya samli, hata ikawa hakuna harusi Majengo isiyoazima kopo la kupamba meza. Maziwa aliacha kununua kwa ajili ya majani. Aliyanunua akampa Mama. Alikaa kwetu mpaka alipozeeka. Zuhura alimwita mama, Mama aliitwa mama mdogo katika nyumba yake mwenyewe, na kwa hilo pia waligombana, karibu kila juma, kwa miaka.

Siku hizi naishi Ruiru, ghorofa ya nne, mahali ambapo ningeapa palikuwa mikahawa. Mjukuu wangu, ambaye nakaa naye, ana mimea ndani. Anainunua kando ya barabara kuu kwa wenye vitalu, inakuja katika vyungu vyeupe, anaipiga picha, na simu yake humlilia siku ya kumwagilia. Lakini anatoka kazini Nairobi usiku na kuondoka kabla hakujapambazuka, simu inalia na yeye yuko njiani, kwa hiyo nani anayemwagilia? Ukinyauka mmoja ananiambia usijali Nyanya, huo ni wa bei rahisi, na Jumamosi analeta mwingine. Nafasi ipo. Madirisha ni makubwa, ya kioo, jua linaingia bila kuhamishwa kitu. Nilimsimulia habari za Shangazi Tatu, akaniuliza kwa nini hakuvitupa tu vyungu mwanzoni akatafuta kazi nyingine, na swali lenyewe lilikuwa na akili kiasi kwamba lilinikera siku nzima. Sisi tulikuwa tumebanana hata jani moja la ziada lilikuwa kesi. Sitamani kurudi kule. Mtu anayetamani dhiki hajawahi kulala chini ya boriti inayodondosha kijani. Ila asubuhi, mjukuu ameshaondoka na lifti imenyamaza, nachukua kopo la maji naenda kutia kidole udongoni mpaka kwenye fundo, na huku nikilalamika kwa sauti, kwamba nimechoka, kwamba nyumba hii si yangu, kwamba maua haya yana kiburi. Nalalamika vizuri sana, nimefundishwa na wajuzi. Na hakuna mtu hata mmoja wa kunijibu.